Nilipewa Dawa ya Malaria na Sina Malaria

Mathe alichukua ile pakiti, akaisogeza karibu na dirisha, akasoma jina polepole kaa mtu anasoma barua ya landilodi. Kisha akanigeukia.

"Hii si ni ile dawa ya malaria? Klorokwini?"

Nikamwambia ni haidroksiklorokwini. Akasema ni kitu kimoja. "Sisi tulimeza hii kitu tukiwa wadogo. Chungu! Halafu unajikuna usiku kucha mpaka asubuhi. Si serikali iliiondoa?"

Na wasee, mathe hakuwa amekosea sana. Kenya iliacha kutumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea. Ile ya kujikuna pia ni kweli, imeandikwa na madaktari wengi kuhusu Waafrika waliotumia klorokwini. Kwa hivyo hapo nilikuwa, miaka 21, nimekaa kwa kiti cha plastiki nyumbani Umoja, na mkononi niko na binamu wa dawa ambayo nchi yangu iliacha kabla nizaliwe. Ugonjwa nimeambiwa ni lupasi. Neno lenyewe sikuwa nimewahi kulisikia isipokuwa kwa habari za Selena Gomez.

Wacha niwaambie vile tulifika hapo, juu ndio mnielewe vile nilifanya ujinga baadaye.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Vidole vikaanza kuvimba asubuhi, hata kufungua chupa ya soda nikawa naomba rumeti anisaidie. Joto la mwili likawa linapanda jioni. Nywele zikaanza kubaki kwa kitana. Nilienda kliniki moja ya mtaa, nikaambiwa ni malaria na taifodi. Si unajua, Nairobi ukienda na homa lazima utoke na hizo mbili. Nikameza vidonge vya njano, nikarudi. Mwezi ukaisha, nikaambiwa tena malaria na taifodi. Ndani ya miezi sita nilitibiwa malaria mara nne, na sikuwa nimetoka Nairobi hata siku moja.

Nilipofika kwa daktari wa viungo, baada ya kutumwa huku na kule, alinisikiliza kwa nusu saa nzima. Hakuna mtu alikuwa amewahi kunisikiliza hivyo. Akatuma damu, akatuma mkojo. Majibu yakatoka: kinga ya mwili wangu inanishambulia mimi mwenyewe. Ile jeshi inayofaa kupigana na vijidudu imegeuka inapiga viungo, ngozi na damu, na ikiachwa itafika kwa figo. Ugonjwa wa kudumu. Hauambukizi. Hautibiki ukaisha, unadhibitiwa.

Halafu huyo daktari, mtu wa kwanza kuniambia sina malaria, akaniandikia dawa ya malaria.

Mnaona shida?

Nikaacha. Sikuwaambia watu. Nilikuwa nimepewa hiyo na vidonge vingine vya stiroidi vinaitwa prednisoloni, ambavyo vilikuwa vimeanza kunifura mashavu, na kwa kazi yangu uso ndio ofisi. Nikaacha zote siku moja. Shangazi alikuwa ametuma kutoka ushago chupa mbili za maji ya magome yaliyochemshwa, nikawa nakunywa hayo. Wiki ya tatu nikaamka siwezi kufunga vifungo vya shati. Mathe akanifunga, kifungo baada ya kifungo, kama siku ya kwanza ya nasari. Hakuongea. Mkojo ulikuwa na povu kaa Omo.

Daktari hakunifokea. Alinieleza kwanza kwamba stiroidi haiachwi ghafla, kwamba mwili unaweza kuzima, kwamba hilo peke yake lingeniua kabla lupasi ifike. Kisha akauliza, "Nani alikuambia hiyo nyingine ni dawa ya malaria tu?" Nikanyamaza. Akasema, "Enda usome imetoka wapi. Ukirudi tuongee."

Mimi niliacha chuo, sikuacha kusoma. Kwa hivyo nilienda nikasoma. Hii ndiyo historia nilikutana nayo, na ndiyo imenirudisha kwa dawa.

Mbwamwitu

Anza na jina. Kwa Kilatini, lupus ni mbwamwitu. Zamani za kati, huko Ulaya, waganga waliona watu wenye vidonda usoni, ngozi imeliwa, wakasema ni kaa mtu ameumwa na mbwamwitu. Lakini hawakuwa wanatofautisha. Kifua kikuu cha ngozi kiliingia humo, saratani ikaingia humo, na kila kidonda cha uso kisichopona kikatupwa kwenye kapu moja lenye jina la mnyama.

Kapu hilo lilianza kupangwa vizuri Paris, katika hospitali ya Saint-Louis, ambayo ilikuwa na sifa kwa magonjwa ya ngozi. Daktari Laurent-Théodore Biett alieleza aina moja ya vipele tofauti na vingine, na mwanafunzi wake Pierre Cazenave akayachapisha maelezo hayo mwaka 1833. Mwaka 1851 Cazenave akaipa jina linalomaanisha lupasi nyekundu. Miaka hiyo hiyo ya 1840, kule Vienna, Ferdinand von Hebra aliangalia vile vipele vinakaa puani na kusambaa mashavuni, akasema vinafanana na kipepeo. Ndio maana mpaka leo ukiona tangazo la lupasi lazima kuna kipepeo mahali.

Mnyama anayerarua na mdudu anayependeza, kwa ugonjwa mmoja.

Lakini bado wote walidhani ni ugonjwa wa ngozi. Mwaka 1872 ndipo Moritz Kaposi, pia wa Vienna, alieleza kwa uwazi kwamba hii kitu inaingia ndani: homa, viungo kuvimba, mwili kuisha, na mtu anaweza kufa. Hesabu basi. Kutoka neno mbwamwitu lianze kutumika kwa vidonda mpaka mtu aandike kwamba shida iko ndani ya mwili mzima, ni mamia ya miaka.

Sisemi hivyo ili niwaambie miezi yangu sita ya malaria-na-taifodi ilikuwa kidogo. Iliniuma na bado inaniuma. Nasema tu kwamba nilikuwa nafikiria nimekaa kizani peke yangu. Kumbe giza lenyewe ni refu na limejaa watu.

Gome la mti

Sasa dawa. Hapa ndipo nilikaa wima.

Kwenye milima ya Andes, huko Amerika Kusini, kuna mti unaitwa sinkona. Watu wa huko walijua gome lake linashusha homa. Karne ya 17 mapadri Wajesuiti walilibeba mpaka Ulaya, na unga wa gome ukawa dawa ya homa za malaria kwa wafalme na maskini. Mti huo uko mpaka leo kwenye nembo ya taifa la Peru. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa kutoka kwa gome ile kemikali yenyewe inayofanya kazi. Wakaiita kwinini.

Halafu mwaka 1894, London, katika hospitali ya St Thomas', daktari anaitwa Payne alieleza kwamba amewapa kwinini wagonjwa wa lupasi na imewasaidia. Soma hiyo sentensi tena. 1894. Nairobi ilikuwa bado haijajengwa. Reli ilikuwa haijaanza kuwekwa Mombasa. Na tayari kuna mtu amempa mgonjwa wa lupasi dawa ya malaria akaona matokeo.

Kwa hivyo daktari wangu hakuwa anabahatisha na mimi. Alikuwa anafuata njia ambayo ina zaidi ya miaka 100.

Na gome lenyewe lilikuja mpaka kwetu. Wajerumani walipokuwa wanatawala Tanganyika walijenga kituo cha utafiti Amani, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1902, na miti waliyopanda hapo ilikuwa pamoja na sinkona. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja na meli za Waingereza zikafunga bahari, jeshi la Lettow-Vorbeck likawa linategemea kwinini iliyotengenezwa huko kutoka kwa magome ya hapo hapo. Upande huu wa mpaka, Waingereza walikuwa wamekusanya Waafrika kwa maelfu kubeba mizigo ya vita, wengi kwa lazima. Wengi zaidi walikufa kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Ukishuka Kariokor kununua viatu vya ngozi au kula nyama choma, hilo jina ni lao: Carrier Corps. Sasa jua kwamba historia ya hii dawa inapita karibu na hapo unaposhukia mat.

Nikafikiria chupa za shangazi. Kusema ukweli nilikuwa nimeanza kumkasirikia, lakini historia ilinituliza. Shangazi hakuwa mjinga kufikiria gome linaweza kuwa dawa. Dawa yangu ya hospitali nyanya yake ni gome! Tofauti ni kwamba gome la sinkona lilichunguzwa, likapimwa, watu wakajua ni kiasi gani kinaponya na kiasi gani kinaua. Yale maji ya ushago hakuna aliyeweza kuniambia ni ya mti gani, wala kama figo zangu zinaweza kuyabeba. Nilimpigia shangazi nikamwambia hivyo, kwa heshima. Alicheka, akasema basi mwambie daktari apime na hayo yangu.

Askari wa rangi ya njano

Karne ya 20, Waholanzi ndio walikuwa wameshika biashara ya kwinini. Mashamba yao ya sinkona yalikuwa Java, na kwinini nyingi ya dunia ilitoka huko. Mwaka 1942, katikati ya Vita vya Pili, Wajapani wakaiteka Java. Ghafla Wamarekani na Waingereza wakawa na askari kwenye misitu ya malaria bila kwinini.

Wakageukia dawa za kutengenezwa maabara. Kubwa ilikuwa mepakrini, ambayo Wamarekani waliiita Atabrine. Ilikuwa chungu, na ilifanya ngozi iwe ya njano kabisa. Askari wengi walikataa kuimeza. Fununu zilienea kambini kwamba inaua nguvu za kiume. Kwa hivyo makamanda wakawa wanasimama kwa laini ya chakula kuhakikisha kila mtu amemeza. Mnaona? Fununu za dawa hazikuanza na WhatsApp ya familia yenu.

Lakini kuna kitu kilitokea ambacho hakikupangwa. Miongoni mwa wale waliokuwa wanameza dawa kwa ajili ya malaria, wengine walikuwa na vipele vya muda mrefu na viungo vilivyovimba, na hizo shida zikapungua. Mwaka 1951 daktari anaitwa Page akachapisha kwenye jarida la Lancet kuhusu wagonjwa wa lupasi aliowapa mepakrini wakapata nafuu. Wakati huo klorokwini, ambayo Mjerumani Hans Andersag alikuwa ameitengeneza mwaka 1934, ilikuwa imeingia sokoni pia. Watu wa kemia wakaibadilisha kidogo ili iwe salama zaidi mwilini, na mwaka 1955 haidroksiklorokwini ikaidhinishwa Marekani.

Hiyo ndiyo niliyokuwa nimeificha chini ya godoro.

Inafanyaje kazi? Kwa lugha yangu: haizimi jeshi la mwili, inapunguza kelele kwenye redio ya jeshi. Seli zinaacha kuambiana kila dakika kwamba kuna adui. Inachukua wiki nyingi hadi miezi kufika mahali pake, kwa hivyo ukiimeza siku kumi useme haifanyi kitu, hujaipa nafasi. Na ina bei yake: kwa miaka mingi inaweza kudhuru macho, ndio maana dozi inapimwa kwa kilo zako na macho yanakaguliwa kila baada ya muda.

Mwaka 1948

Ile nyingine iliyonifura mashavu nayo iko na hadithi yake.

Kwenye Mayo Clinic, mji wa Rochester, Minnesota, kulikuwa na daktari wa viungo anaitwa Philip Hench. Mwaka 1929 aliona mgonjwa wake wa baridi yabisi amepata homa ya manjano ya ini, na maumivu ya viungo yakapungua. Baadaye akaona wanawake wenye baridi yabisi wakishika mimba wanapata nafuu. Wengine wangesema ni bahati. Hench akajiuliza: kuna kitu gani mwili unatengeneza wakati huo? Alifuatilia swali hilo kwa karibu miaka 20, pamoja na mkemia Edward Kendall.

Septemba 1948 walimchoma mwanamke wa miaka 29, aliyekuwa amelazwa hawezi kutembea vizuri, dawa ambayo tunaiita kotisoni. Ndani ya siku chache alitembea. Akatoka kwenda kununua vitu madukani. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeusz Reichstein wa Uswisi walipewa Tuzo ya Nobel.

Halafu furaha ikapoa. Dozi zilikuwa kubwa, na watu wakaanza kuvimba uso mpaka madaktari wakauita sura ya mwezi. Mifupa ikawa inadhoofika, sukari ikapanda, usingizi ukakataa, hasira zikaja bila sababu. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu kwa matatu, watu wakaniangalia. Mashavu yangu yako na historia ya zaidi ya miaka 70! Siku hizi madaktari wanatumia kiasi kidogo wanachoweza, kwa muda mfupi wanaoweza, na wanakishusha ngazi kwa ngazi.

Mwaka huo huo wa 1948, hospitali hiyo hiyo, Malcolm Hargraves na wenzake waliona kwa darubini seli za ajabu kutoka kwa wagonjwa wa lupasi, seli zilizokuwa zimemeza kiini cha seli nyingine. Kwa mara ya kwanza kukawa na kitu cha kuonyesha, si kipele tu na malalamiko ya mgonjwa. Miaka michache baadaye vikaja vipimo vya damu vya kingamwili zinazoshambulia viini vya seli, na ukoo wa vipimo hivyo ndio uliotoa karatasi yangu.

Sasa nambari moja, na nataka uisome mpaka mwisho. Mwaka 1955 watafiti wa Johns Hopkins, Merrell na Shulman, walihesabu wagonjwa wao wa lupasi. Baada ya miaka 4, karibu nusu ndio walikuwa hai. Leo, mahali ambapo mtu anapata matibabu na anayafuata, zaidi ya 90 kati ya 100 wako hai baada ya miaka 5, na wengi wanaishi mpaka wanazeeka. Nilikuwa nimegugo usiku wa kwanza nikakutana na ile nambari ya zamani, nikalia mpaka asubuhi. Hakuna mtu aliniambia ni ya 1955.

Mwandishi na nguruwe

Mtu mmoja aliishi katikati ya hayo yote. Flannery O'Connor, mwandishi wa Marekani. Baba yake alikufa kwa lupasi mwaka 1941, yeye akiwa na miaka 15. Krismasi ya 1950, akiwa na miaka 25, aliugua akiwa njiani kurudi nyumbani Georgia. Madaktari wakajua ni lupasi. Mama yake akajua. Yeye akaambiwa ni baridi yabisi. Walimficha mpaka 1952, rafiki yake Sally Fitzgerald alipomwambia ukweli.

Mama alimpenda. Lakini fikiria unameza dawa ya ugonjwa na hujui ni ugonjwa gani, na ndio ule uliomuua baba yako.

Alitibiwa kwa homoni iliyotolewa kwenye tezi za nguruwe. Dawa zikamdhoofisha nyonga, akawa anatembea kwa magongo. Alirudi kuishi na mama yake shambani, akafuga tausi, na kila asubuhi aliandika kwa saa chache, kwa sababu nguvu zilikuwa zinaishia hapo. Saa chache hizo zikatoa riwaya mbili na hadithi fupi ambazo bado zinafundishwa vyuoni. Alikufa mwaka 1964 akiwa na miaka 39. Na simfanyi malaika: barua zake ziko na maneno ya ubaguzi dhidi ya watu weusi kaa mimi. Sijamchukua awe shujaa wangu. Nimechukua tu hesabu yake ya asubuhi.

Juu hiyo ndiyo kitu ilikuwa inanimaliza. Nilikuwa nafikiria kama siwezi kufanya kazi saa kumi kwa siku kama wengine, basi niache tu. Sa hii narekodi saa tatu asubuhi mpaka saa sita. Baada ya hapo mwili ukisema lala, nalala.

Wekundu wa nani?

Kuna swali nimebaki nalo, na hapa nitasema maoni yangu wazi.

Ugonjwa huu ulipewa jina la wekundu na watu wa Paris na Vienna, wakiangalia ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yangu hakuna kipepeo chekundu. Kuna weusi uliozidi, na mahali pengine zambarau, kaa mtu aliyeungua na jua. Na kwa miaka mingi vitabu vya udaktari viliandika kwamba lupasi ni nadra Afrika, wakati huo huo utafiti wa Marekani unaonyesha wanawake weusi huko wanaipata mara mbili hadi tatu zaidi ya wazungu, na inawapiga vikali zaidi.

Sasa wewe uko kliniki ya mtaa, umefundishwa kutafuta kipepeo chekundu, na umefundishwa hii kitu haiko kwetu. Msichana wa miaka 20 anaingia na homa na vidole vimevimba. Utaandika nini? Malaria na taifodi. Simtetei mtu, lakini naelewa. Ili uuone ugonjwa lazima kwanza uamini unaweza kuwa mbele yako. Kama uko chuo cha udaktari sa hii unasoma hapa: tafadhali angalia picha za ngozi nyeusi. Na kama mgonjwa amerudi mara ya tatu na malaria ile ile, rafiki, hiyo si malaria.

Na mnakumbuka 2020? Machi mwaka huo rais wa Marekani, Donald Trump, alisifia haidroksiklorokwini kuwa dawa ya korona, na watu wakaikimbilia dunia nzima. Kufikia Juni majaribio makubwa ya Uingereza yalionyesha haiwasaidii wagonjwa wa korona waliolazwa. Lakini kati ya hapo, watu wa lupasi walienda duka la dawa wakakuta rafu tupu. Mimi nilikuwa sekondari, nilikuwa nacheka mimu za hiyo dawa. Sikujua nacheka rafu yangu mwenyewe.

Kama umeambiwa wiki hii

Wewe uliyeambiwa wiki hii, iwe ni lupasi, baridi yabisi, vidonda vya utumbo au ugonjwa mwingine wa familia hii ambapo mwili unajiwakia moto, sitakuambia kila kitu hutokea kwa sababu. Mimi hiyo kauli huniudhi. Nitakuambia tu nilichotoa kwa hii safari.

Uliza dawa yako ni nani. Jina lake, ilitoka wapi, inafanya nini, inadhuru nini. Mtu akiijua dawa yake haibwagi juu ya fununu. Usiache stiroidi ghafla, hata kama mashavu yamekuwa mandazi, rudi ukaseme. Tarehe ya habari unayosoma usiku iangalie kabla ulie. Jua la saa sita ni adui wa watu wa lupasi, kofia si mapambo. Na wale wanaokupenda waambie ukweli wote, kwa sababu Flannery alifichwa na haikumsaidia.

Chuo sikurudi. Watu huuliza, nawajibu: niliomba kuahirisha mwaka, mwaka ukaisha nikiwa kwa foleni za hospitali, na deni la HELB liko hapo linanisubiri bila haraka. Pengine nitarudi, pengine sitarudi. Nilikuwa naona aibu, lakini aibu imepungua.

Mkojo hauna povu tena. Figo ziko sawa, kwa sasa. Naandika "kwa sasa" kwa makusudi, juu na huu ugonjwa ndivyo tunavyoongea. Kuna asubuhi vidole bado vinagoma, na leo ilikuwa moja yao, ndio maana hii posti imechelewa siku mbili.

Mathe ameweka pakiti yangu kwa meza ya jikoni, karibu na dawa zake za presha. Jana jirani aliingia kuomba chumvi, akaiona, akauliza kama niko na malaria.

Mathe akamvutia kiti. "Kaa kwanza," akamwambia. "Hiyo ni hadithi ndefu. Inaanza na mti."